Saa ngapi za tiba kwa wiki kwa mtoto aliyechelewa hatua za ukuaji, na tutajuaje kama zinamsaidia?

Utengamao77 (mleta mada)

Habari za humu wadau. Naomba michango ya wanaofuatilia tafiti za afua za mapema kwa watoto wa miezi 6 hadi 36.

Tunapanga upya huduma ya watoto waliochelewa. Wapo ambao hawajakaa, wapo wanaotembea vizuri lakini hawana neno hata moja, na wachache wamechelewa kila upande. Wataalamu ni wawili, mmoja wa fiziotherapia na mmoja wa tiba ya usemi, kila mmoja kwa nusu siku. Wazazi wamesoma kwamba bila saa 40 kwa wiki mtoto hasaidiki, na akivuka miaka 3 ndiyo basi tena. Wakati huohuo tunaulizwa kama hiyo saa 1 kwa wiki tunayoweza kutoa ina faida yoyote.

Tafiti zinasemaje hasa kuhusu wingi wa saa? Tusubiri majibu ya vipimo vyote ndipo tuanze, au tuanze leo? Na mtoto akipiga hatua, tutatenganishaje kazi yetu na ukuaji ambao ungetokea wenyewe? Mwenye mfano wa kikao kinavyokwenda, dakika kwa dakika, aweke hapa tafadhali.

Msomajarida

Nianze na hizo saa 40, maana ndizo zinazowatesa wazazi. Zinatokana na utafiti wa Lovaas wa mwaka 1987. Ulihusu watoto wenye usonji peke yao, kundi lililopewa saa hizo lilikuwa na watoto 19, na mgawanyo haukufanywa kwa kura: mtoto aliingia kundi hili au lile kutegemea kama wahudumu walikuwepo. Matokeo yalivutia sana, namba ikabaki vichwani mwa watu. Kuichukua namba hiyo na kumwekea mtoto aliyechelewa kuongea tu, au ambaye hajakaa, hakuna msingi wowote.

Mwaka 2010 Dawson na wenzake walichapisha jaribio la modeli ya Denver, njia ya kumfundisha mtoto mdogo mwenye usonji kupitia michezo: watoto 48 wenye usonji, wa miezi 18 hadi 30, waliogawanywa kwa kura, mpango ukiwa saa 20 za mtaalamu kwa wiki kwa miaka 2. Alama za IQ zilipanda kwa wastani wa 17.6, dhidi ya 7.0 kwenye kundi linganishi. Saa walizopata kweli kutoka kwa wataalamu zilikuwa kama 15, na wazazi waliripoti kuongeza kiasi kama hicho nyumbani. Mwaka 2021 Rogers na wenzake wakalinganisha saa 15 na saa 25 kwa watoto 87; baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya jumla. Uchambuzi wa Sandbank na wenzake wa 2024, uliojumlisha tafiti 144, nao haukuona kwamba kuongeza saa kunaongeza matokeo.

Sasa hapa watu huteleza. Kundi lililopata saa chache kuliko yote mwaka 2021 lilipata 15. Hakuna aliyelinganisha 15 na 1 pale, kwa hiyo utafiti ule hauwezi kutumika kuhalalisha kumpunguzia mtoto mwenye usonji hadi saa moja. Tena mwaka 2012 Rogers na wenzake walijaribu njia fupi: wazazi walifundishwa saa 1 kwa wiki kwa wiki 12 tu, watoto 98, na mwishoni makundi hayakutofautiana katika maendeleo ya mtoto. Kundi linganishi lilikuwa likipata saa nyingi zaidi za huduma za kawaida, ndiyo, lakini somo linabaki: wiki 12 za kumwelekeza mzazi peke yake ni chache.

Kwa nini basi wingi wa saa hauamui kila kitu? Mtoto wa miaka 2 yuko macho karibu saa 12 kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Kikao chako kinachukua 1. Ubora wa zile 83 nyingine ndio unaokipa kikao maana au kukiondolea. Utafiti wa Jamaika wa Grantham-McGregor na wenzake, uliochapishwa 1991, ulitumia hiyohiyo saa 1 kwa wiki kwa miaka 2: watoto 129 wa miezi 9 hadi 24, wahudumu wa afya wasio wataalamu wakienda nyumbani kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto. Walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25.

Mizani

Mkuu Msomajarida, naunga mkono, ila Jamaika inahitaji tahadhari kabla mtu hajaipeleka kikaoni kama ushahidi wa saa 1. Wale watoto walikuwa na udumavu, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Hawakuchaguliwa kwa kuwa na mtindio wa ubongo (cerebral palsy), usonji au ugonjwa wa vinasaba. Walikuwa na nafasi kubwa ya kufidia mazingira yakibadilika. Inafaa kusema utafiti ule unaonyesha nguvu ya mlezi akiungwa mkono kila wiki kwa muda mrefu. Haifai kusema mtoto mwenye mtindio wa ubongo atafidia vilevile. Cha kuzingatia zaidi kwa mleta mada: kundi lililopewa maziwa ya lishe bila michezo halikupata faida hiyo ya muda mrefu. Na ziara zilikuwa za miaka 2, hazikuwa kampeni ya miezi mitatu.

Hayo ya kwamba "akivuka miaka 3 basi tena" hayana ushahidi. Kuanza mapema kunafaa. Huo ndio ujumbe. Kwenye mradi wa Bucharest, Romania, wa watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo, waliohamishiwa familia za malezi kabla ya miezi 24 walifanya vizuri zaidi kwenye maeneo kadhaa, lakini hata waliochelewa kuhama walifaidika kwa mengine. Mzazi wa mtoto wa miaka 4 asiambiwe amechelewa.

SautiKwanza

Nachangia swali la kusubiri. Usisubiri jina la ugonjwa ndipo uanze kumwelekeza mlezi, lakini kuna vitu vya kuangalia wiki ya kwanza, maana ukiviruka utafanya kazi ya bure.

Mtoto asiye na maneno apimwe usikivu kwa kifaa. Kupiga makofi nyuma ya kichwa si kipimo: mtoto huhisi upepo, huona kivuli, na mwenye upotevu wa sauti nyembamba tu atageuka akisikia kishindo huku hasikii "s" wala "f". Hata aliyefaulu kipimo alipozaliwa apimwe tena, kwa sababu majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio huja na kuondoka, na upotevu mwingine hutokea baadaye. Kwa watoto wachanga mwongozo unaojulikana ni 1-3-6: uchunguzi wa awali kabla ya mwezi 1, uthibitisho kabla ya miezi 3, huduma ianze kabla ya miezi 6. Macho nayo yaangaliwe, na upungufu wa madini ya chuma na tezi ya shingo visisahaulike.

Mambo mawili hayasubiri foleni. Mtoto aliyekuwa na ujuzi akaupoteza, mfano maneno yaliyokuwepo yamekwisha au mkono aliokuwa akiutumia ameuacha, apelekwe kwa daktari mara moja. Na mikazo ya ghafla ya mwili inayokuja mfululizo, kichwa kikiinama na mikono ikirushwa, hasa anapoamka: huenda ni degedege la watoto wachanga, na kila siku ya kuchelewa ina gharama. Mwombe mzazi arekodi video, maana kliniki mara nyingi halitokei.

Kwa mtoto njiti tumieni umri uliorekebishwa hadi afike miaka 2. Aliyezaliwa wiki ya 28 anapungukiwa wiki 12. Akifika miezi 9 apimwe kama wa miezi 6 na siku chache. Baadhi ya "waliochelewa kukaa" wanaweza kuondoka kwenye orodha kwa hesabu hiyo tu. Angalia pia upana wa kawaida. Kwenye utafiti wa WHO wa nchi 5, watoto wenye afya walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe kati ya 8.2 na 17.6. Asilimia 4.3 hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Kutotambaa peke yake kusimtie mtu hofu.

Kwa mtindio wa ubongo, mapendekezo ya Novak na wenzake ya 2017 yanaruhusu kuandika "hatari kubwa ya mtindio wa ubongo" kama utambuzi wa muda. Kabla ya miezi 5 hutumika tathmini ya mienendo ya jumla ya mtoto kwa video, uchunguzi wa neva wa Hammersmith, na picha ya MRI. Ikikosekana MRI, Hammersmith bado ni msaada mkubwa: haihitaji mashine na huchukua dakika chache kwa mtu aliyezoea.

Mwendo_na_Neno

Kikao chenyewe sasa. Kosa kubwa kuliko yote tunaloliona kwenye huduma hizi ni mtaalamu kumshika mtoto dakika 50, mama amekaa benchi, kisha mama anapewa karatasi yenye mazoezi 8. Karatasi ile haifanyiwi kazi, na si kwa uvivu. Mazoezi 8 mara 3 kwa siku ni vipindi 24, hakuna nyumba inayoweza.

Saa 1 igawe hivi. Dakika 10 za kwanza mlezi anasimulia: nini kilijaribiwa, saa ngapi, kilikwama wapi. Dakika 10 mtaalamu anatazama tu mlezi na mtoto wakifanya jambo la kila siku, bila kusahihisha. Dakika 10 anaonyesha yeye, huku akitaja kwa sauti anachofanya na kwa nini. Dakika 20 mlezi anafanya na mtaalamu anatoa neno moja moja la mwongozo. Zinazobaki mnaandika pamoja: jambo gani, saa gani, sehemu gani ya nyumba, mara ngapi. Ukiona dakika zako za kuonyesha zimezidi zile za mlezi kufanya, kikao kimegeuka kuwa maonyesho.

Mfano wa usemi. Mtoto wa miezi 22, hana maneno, akitaka kitu anamvuta mama mkono. Chagueni kuvaa soksi. Mama anamvalisha mguu mmoja, ya pili anaishika usawa wa uso wake mwenyewe, ananyamaza, anahesabu moyoni hadi 5, akiona mtoto bado anafikiri aende hadi 10. Mtoto akimtazama, akinyoosha mkono, au akitoa sauti yoyote, papo hapo: "Soksi!" na soksi inavaliwa. Mara 2 kwa siku, basi. Wiki inayofuata mnaongeza kuoga.

Yanayoharibu: mama kuuliza "hii nini? sema soksi, sema!", ambayo ni mtihani na mtoto hujifunga, kusubiri sekunde moja tu (karibu kila mtu mwanzoni hudhani amesubiri 5, video humwonyesha ukweli), kusubiri kupita kiasi hadi mtoto alie, akajifunza kulia ndiko kunakoleta soksi, na kusema sentensi ndefu. Asiye na neno aongeleshwe kwa neno moja au mawili, mwenye maneno mojamoja aongeleshwe kwa mawili matatu. Lugha ya nyumbani ndiyo itumike. Hakuna sababu ya kuacha lugha ya pili eti mtoto atachanganyikiwa.

Mfano wa mwili. Mtoto wa miezi 10 hajakaa. Wengi humzungushia mito pande zote. Anabaki wima lakini misuli ya kiwiliwili haina kazi, mito imeichukua. Mlezi akae sakafuni, mtoto katikati ya miguu yake, amshike pale anapohitaji tu: mwanzoni chini ya kwapa, baadaye mbavu, mwisho nyonga. Kitu cha kuchezea kiwekwe usawa wa magoti, kisha kisogezwe pembeni kwa sentimita 10 hadi 15 ili ajitahidi kukifuata. Aachwe ayumbe kidogo na kujirudisha. Kule kuyumba ndiko kujifunza kwenyewe, ila mikono ya mlezi iwe karibu. Dakika 5 kila anapobadilishwa nepi, na siku moja inaweza kutoa dakika 25 bila mtu kutenga "muda wa mazoezi". Ushahidi wa sasa unaelemea upande wa mtoto kuanzisha mjongeo mwenyewe kwa lengo halisi. Kumnyoosha na kumkunja viungo huku amelala, yeye hafanyi lolote, hakumfundishi kukaa.

Kigari cha kutembelea cha magurudumu kiondolewe. Hakiharakishi kutembea na kinajeruhi. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004.

Utengamao77 (mleta mada)

Ahsanteni sana, hasa hiyo ya soksi. Nina mawili ya kuongeza. Mlezi aliyechoka kabisa, au mtoto analelewa na watu watatu tofauti kwa wiki, tunafanyaje? Na la kupima maendeleo bado halijaguswa.

Mizani

La kupima nalichukua mimi. Mtoto hukua hata asipoguswa, na mara nyingi huletwa wakati hali iko mbaya kuliko kawaida yake, kwa hiyo kipimo cha pili huwa na nafuu hata kama hamkufanya kitu. Kulinganisha "kabla" na "baada" peke yake hakuthibitishi lolote. Hapohapo, kuna dhuluma ya upande wa pili. Kwenye kipimo cha ukuaji kama Bayley, kinachomlinganisha mtoto na wenzake wa umri wake, wastani ni 100 na mchepuko wa kawaida (kiasi ambacho alama hutawanyika kutoka wastani) 15. Mtoto aliyekuwa 70 akabaki 70 baada ya mwaka amejifunza mengi, amekwenda na kasi ya wenzake bila kuwafikia. Akishuka hadi 66 bado anaweza kuwa na ujuzi mwingi kuliko mwaka jana. Mzazi aonyeshwe ujuzi kwanza, alama baadaye.

Kwa huduma yenu ndogo ningetumia kipimo cha kufikia malengo, kile cha ngazi 5 kutoka −2 hadi +2. Malengo 3 kwa mtoto, yatimie ndani ya wiki 12. Mfano wa yule mtoto wa soksi: −1 ni hali ya leo, anavuta mkono bila kumtazama mama. 0 ni matarajio: anamtazama au anatoa sauti kuomba, nafasi 3 kati ya 5. +1 ni nafasi 4 kati ya 5. +2 ni zote 5. Na −2 ni kutoomba kabisa. Hali ya leo ikiwekwa −2, mtoto akirudi nyuma hamtakuwa na mahali pa kuandika. Kutoka 0 kwenda juu kibadilike kitu kimoja tu. Ukichanganya idadi ya nafasi na aina ya maneno, wapimaji wawili hawatakubaliana.

Kutenganisha kazi yenu na ukuaji wenyewe: anzisheni malengo kwa zamu. Lengo la kwanza wiki ya 1, la pili wiki ya 5, la tatu wiki ya 9, huku yote matatu yakirekodiwa tangu mwanzo, angalau mara 5 kabla ya kila moja kuanza (la kwanza lirekodiwe siku 5 tofauti kabla ya kuanza). Kila lengo likisogea pale lilipoanza kufundishwa na si kabla, mna ushahidi mzuri. Yakipanda yote pamoja tangu wiki ya 2, huenda ni umri. Chagueni malengo yasiyobebana: ukichukua "kutazama" na "kutoa sauti" moja litavuta jingine.

Rekodi iwe video ya dakika 3, jambo lilelile, saa ileile ya siku. Anayetoa alama asijue video ipi ni ya mwanzo. Na wahesabuni walioacha njiani, maana wastani wa waliobaki siku zote hupendeza.

Msitarajie faida ibaki yenyewe. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za afya, kuhusu njiti, tafiti 25 zenye watoto 3,615, yaliona faida ya akili hadi umri wa kabla ya shule, lakini umri wa shule haikuonekana tena. Hiyo ni hoja ya kupanga mwendelezo, haifai kutumiwa kuifuta huduma.

Mwendo_na_Neno

Kuhusu mlezi aliyechoka: punguza hadi lengo moja kwenye jambo moja analolifanya tayari, na umuulize waziwazi kuhusu usingizi, huzuni na nani anamsaidia. Mama mwenye sonona mara nyingi hupata shida kusoma ishara ndogo za mtoto, na kumpa kazi zaidi kunamwongezea hatia. Apate rufaa yake kabla ya mazoezi kuongezwa.

Walezi wakiwa watatu, usiwafundishe wote kila kitu. Kila mmoja awe na jambo lake: mmoja kuvaa, mmoja kuoga, mmoja kula. Video ya dakika 2 ya yule aliyefundishwa vizuri huwafikia wengine kuliko maelezo ya mdomo.

Vikundi vinafaa kwa upungufu wenu wa saa. Mafunzo ya WHO ya stadi za walezi yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, na yanaendeshwa na wasio wataalamu waliofunzwa na kusimamiwa. Utafiti wa India na Pakistani wa 2016, watoto 65 wenye usonji, ulitumia wahudumu wa aina hiyo kwa vikao 12 ndani ya miezi 6. Wazazi waliitikia vizuri zaidi na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi, ingawa muda wa kushiriki kutazama kitu pamoja ulipungua. Yaani hata njia nzuri haigusi kila kitu.

Lengo likikaa wiki 4 bila kusogea, fuateni mpangilio huu kabla ya kuongeza saa. Kwanza video ya nyumbani: je, linafanyika kama lilivyoonyeshwa, na mara ngapi? Pili lengo lenyewe: hatua ni kubwa mno? Ligaweni. Tatu rudini kwenye orodha ya SautiKwanza, masikio yakiwa ya kwanza.